Watoto Waliovalishwa kwa Ajili ya Picha

Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika studio moja mjini Prague, mtoto wa kiume wa miaka kama mitano alisimamishwa mbele ya kamera. Alikuwa amevaa suti ya kubana iliyojaa nakshi za nyuzi. Mkononi alishika kofia pana kuliko mabega yake, na nyuma yake yalipangwa makuti ya mitende, mti usioota hata kidogo katika baridi ya Bohemia. Mtoto huyo ni Franz Kafka, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ya 20. Baba yake, Hermann, alikuwa mtoto wa mchinjaji wa kijijini aliyehamia mjini, akafungua duka la bidhaa za urembo na mapambo ya mavazi, na biashara ikamkubali.

Mwaka 1931 mwanafalsafa Walter Benjamin aliiandikia picha hiyo aya mashuhuri. Aliona mtoto aliyeonewa na nguo zake, mwenye macho ya huzuni isiyo na mwisho. Lakini Kafka mwenyewe, katika barua ya mwaka 1912 kwa mchumba wake wa baadaye, Felice Bauer, aligusia picha yake mojawapo ya utotoni na kusema kwamba ule uso wa kununa aliufanya kwa mzaha, ingawa ukubwani alianza kuuona kuwa ulificha jambo la kweli. Mwenye uso hakuwa na hakika na uso wake.

Kuhusu suti, hata hivyo, hapakuwa na utata. Ilichaguliwa, ikanunuliwa, ikapigwa pasi, ikavalishwa. Mtoto wa mchinjaji alikuwa sasa mfanyabiashara wa mjini, na mjukuu wa mchinjaji ndiye aliyebebeshwa ushahidi huo mwilini.

Picha za aina hii zipo kwa mamilioni, katika maktaba za taifa, kwenye mabaraza ya wauza vitu vya kale, ndani ya masanduku ya familia. Wanaoziona leo huzitafsiri haraka: watoto wa zamani walikuwa na adabu, walikosa furaha, au walipendeza kuliko wa sasa. Hukumu zote tatu zinajengwa juu ya kitu ambacho kilikuwa tukio la nusu saa, pengine mara moja kwa mwaka, ndani ya chumba cha kukodi. Zikisomwa kwa makini, picha hizo zinaeleza machache kuhusu siku za mtoto na mengi mno kuhusu wazazi wake: walichokitamani, walichokiogopa, na watu waliowatumikisha ili tamanio hilo lionekane.

Mlango wa studio unapofunguka

Teknolojia ya Louis Daguerre ilitangazwa rasmi Paris tarehe 19 Agosti 1839. Mwanzoni haikuwafaa watoto. Bamba la fedha lilihitaji dakika kadhaa za jua kali kabla ya kushika sura, na mtoto wa miaka miwili hatulii dakika moja. Katika miaka ya 1840 lenzi bora na kemikali kali zaidi zilipunguza muda huo hadi chini ya dakika, na mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akatangaza njia ya bamba la kioo lililopakwa kolodioni, lililohitaji sekunde chache tu.

Mapinduzi ya bei yalikuja baadaye kidogo. Mwaka 1854 André Adolphe-Eugène Disdéri wa Paris alisajili hati ya ubunifu wa kupiga picha nane katika bamba moja, kisha kuzikata na kuzibandika kwenye kadi ndogo za takriban sentimita 6 kwa 10. Mtu hakununua picha moja tena. Alinunua dazeni, akabaki na moja na kuwagawia shangazi, wajomba na marafiki. Mwaka 1860 mpiga picha John Mayall alitoa albamu ya kadi za Malkia Victoria na familia yake, ikauzwa kwa wingi mkubwa Uingereza nzima. Karani wa benki, mwalimu mkuu na mwenye duka la dawa waliweza sasa kuweka picha ya watoto wa malkia na picha ya watoto wao katika albamu moja, ukurasa kwa ukurasa, kwa ukubwa uleule na mkao uleule.

Hapo ndipo nguo za mtoto zilipopata kazi mpya. Kabla ya kadi, gauni la Jumapili lilionwa na majirani na waumini kanisani. Baada ya kadi, lilionwa na ukoo mzima, hata ng'ambo ya bahari, na likabaki kuonwa kwa miaka. Studio nazo zilijipanga kwa ajili hiyo: pazia lililochorwa bustani au maktaba, nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ya marumaru, kiti chenye mashada, wakati mwingine farasi wa mbao au mashua bandia. Familia iliyoishi vyumba viwili juu ya duka ilitoka humo ikiwa na picha ya watu wa jumba kubwa.

Wavulana waliovaa magauni

Hakuna kinachowashangaza watazamaji wa leo kama picha ya Franklin D. Roosevelt ya mwaka 1884. Rais huyo wa baadaye wa Marekani, akiwa na miaka miwili na nusu, ameketi akiwa na gauni jeupe, nywele ndefu, viatu vya kung'aa, na kofia yenye manyoya. Familia yake ilikuwa tajiri kuliko tabaka la kati, lakini desturi iliyofuatwa ilikuwa ya nyumba zote zilizojiweza, Ulaya na Marekani. Tangu karne ya 16 wavulana wadogo walivaa magauni kama dada zao, kwa kawaida hadi kati ya miaka minne na saba.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kila siku. Suruali za wanaume zilifungwa kwa vifungo vingi ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa haraka anapobanwa na haja. Gauni linainuliwa, mambo yanakwisha. Pia gauni linavumilia ukuaji: upindo wa chini hushushwa, mikunjo iliyoshonwa kiunoni hufumuliwa, na vazi moja linadumu miaka miwili au mitatu. Pamba nyeupe, ambayo kwetu leo ni rangi ya kumhurumia mfuaji, ilikuwa na faida yake, kwani ilichemshwa na kupaushwa bila hofu ya rangi kuchuja.

Sababu ya pili ilihusu namna watu walivyompanga mtoto. Kwa kizazi hicho tofauti kubwa ilikuwa kati ya mtoto mchanga na mtu mzima, jinsia ilisubiri. Mwanahistoria wa mavazi Jo Paoletti, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alionyesha jinsi rangi zenyewe zilivyochelewa kugawanywa. Bado mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wauzaji kwamba waridi, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, iwafae wavulana, na buluu, iliyo laini, wasichana. Ushauri huo ungemshangaza muuzaji yeyote wa Kariakoo au Gikomba leo.

Siku ya kuvaa suruali ya kwanza ilikuwa tukio. Nyumba nyingi za Kiingereza zilialika ndugu, mifuko mipya ya mtoto ikatiwa sarafu, na mara nyingi safari ya studio ilifuata. Ndiyo maana albamu zina picha nyingi za wavulana waliosimama wakiwa wamenyooka kupita kawaida, mkono mmoja mfukoni. Wanaozitazama huona ukali wa malezi. Pengine wanachokiona ni fahari ya mtu aliyepata mfuko siku hiyohiyo.

Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alizitumia sana picha za kuchorwa na mavazi ya watoto katika kitabu chake cha mwaka 1960, akajenga hoja kwamba zama za kati hazikuwa na dhana ya utoto kama tunavyoijua, na kwamba familia ya kisasa ndiyo iliyoibuni. Kitabu kiliwasha mjadala wa miongo. Mwaka 1983 Linda Pollock alijibu kwa kupekua mamia ya shajara na kumbukumbu za maisha za Waingereza na Wamarekani wa tangu karne ya 16, akaonyesha wazazi waliokesha na watoto wagonjwa na kufurahia maneno yao ya kwanza. Funzo la mjadala huo linahusu picha za kamera vilevile: vazi la kiutu uzima halithibitishi kwamba mzazi alimwona mtoto wake kama mtu mzima. Bila shajara na barua, vazi linaweza kumpotosha hata mwanazuoni.

Baharia na bwana mdogo

Mavazi mawili yanatawala picha za wavulana wa tabaka la kati kati ya mwaka 1850 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na yote mawili yana historia inayojulikana vizuri.

La kwanza ni suti ya baharia. Septemba 1846 Malkia Victoria alisafiri kwa meli yake kwenda visiwa vya mlango-bahari wa Uingereza, na mwanawe wa kwanza wa kiume, Albert Edward, aliyekuwa na miaka minne, alivalishwa sare ndogo ya baharia iliyoshonwa melini. Mwaka huohuo mchoraji Franz Xaver Winterhalter alimchora akiwa nayo. Sare yenyewe ipo hadi leo Greenwich, London, katika makumbusho ya taifa ya mambo ya bahari. Ilichukua miongo kadhaa kuenea, lakini kufikia miaka ya 1870 na 1880 kola pana ya mraba yenye mistari mitatu ilikuwa kila mahali. Ujerumani, ambako kiwanda cha Wilhelm Bleyle kilianza mjini Stuttgart mwaka 1889, suti za kufuma za baharia zilikuwa sare isiyo rasmi ya watoto wa makarani na maprofesa. Watoto wa mfalme wa Urusi walizivaa, na katika riwaya ya Thomas Mann ya mwaka 1912 kuhusu Venice, kijana Tadzio anavaa hiyohiyo. Japani iliigeuza kuwa sare ya wasichana wa shule katika miaka ya 1920.

Kwa nini vazi la mfanyakazi wa chini kabisa melini lilipendwa na watu walioogopa sana kuonekana wa chini? Kwanza, lilikuwa zuri kweli kwa mtoto: shingo wazi, mikono huru, kitambaa kinachofulika. Pili, lilibeba siasa bila kutamka neno. Uingereza ilijivunia manowari zake, na Ujerumani ilianza kuzijenga kwa kasi baada ya sheria ya jeshi la majini ya mwaka 1898. Mtoto aliyeishi mbali na bahari, katika mji wa reli na viwanda, aliingizwa katika fahari ya taifa kupitia kola yake. Hakuna mzazi aliyelazimika kueleza.

Vazi la pili lilitoka kitabuni. Frances Hodgson Burnett, mwandishi aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Marekani, alichapisha *Little Lord Fauntleroy* kwa mfululizo wa jarida kuanzia mwaka 1885, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1886. Shujaa wake ni mvulana maskini wa New York anayegundulika kuwa mrithi wa bwana mkubwa wa Uingereza. Mchoraji Reginald Birch alimvika suti ya mahameli nyeusi, kola kubwa ya lesi na mikunjo ya nywele mabegani, kwa kufuata picha ya Vivian, mtoto wa mwandishi mwenyewe. Kwa takriban miaka kumi na tano wavulana wa Marekani wakaingizwa studio wakiwa na mahameli na lesi.

Kina mama waliolishona vazi hilo hudhihakiwa mara nyingi. Lakini lilikuwa na mantiki. Hadithi ilisema kwamba heshima ya damu ya mabwana wakubwa inaweza kukaa ndani ya mtoto wa mtaa wa kawaida, ikasubiri kugunduliwa. Kwa familia iliyopanda ngazi juzi, hilo lilikuwa jambo la kuamini kwa moyo wote. Mahameli ilifanya hoja ambayo cheti cha benki kisingeweza kuifanya.

Mikono isiyoonekana

Nguo hizo zilishonwa na nani? Kwa sehemu kubwa, nyumbani. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake mwaka 1851, na kufikia miaka ya 1870 cherehani ilikuwa samani ya fahari ya nyumba nyingi za tabaka la kati. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa Massachusetts, alianza kuuza karatasi zilizokwisha kukatwa kwa vipimo mbalimbali, tayari kuwekwa juu ya kitambaa na kufuatwa kwa mkasi. Miongoni mwa zilizompatia jina ni suti ya mvulana iliyoigiza mavazi ya Giuseppe Garibaldi, mpiganaji wa umoja wa Italia. Mama wa mji mdogo wa Ohio angeweza kumvika mwanawe kama shujaa wa Ulaya kwa gharama ya karatasi, yadi chache za sufu na usiku kadhaa wa kazi.

Anayejua ushonaji huona kazi hiyo pichani. Ndugu watatu wamevaa mistari ileile kwa sababu mama alinunua jora moja. Mstari hafifu juu ya upindo wa gauni ni alama ya mshono uliofumuliwa mwaka uliopita. Koti la kaka mdogo lina mabega yaliyoshuka, kwa sababu lilikuwa la kaka mkubwa. Hapa ndipo picha ya studio, licha ya pazia lake la jumba la kifahari, inaposema ukweli ambao haikukusudia kuusema: tabaka la kati lilikuwa tabaka la kubana matumizi. Waingereza waliooana katika miaka ya 1860 walizaa kwa wastani watoto wapatao sita, na kuwavisha wote kwa mshahara mmoja kulitaka akili ya mhasibu.

Mikono mingine ilifichwa kwa makusudi. Kuna aina nzima ya picha za zamani ambamo mtoto mchanga ameketi juu ya rundo la kitambaa lenye umbo la mtu. Chini ya kitambaa yupo mama au yaya, anamshikilia mtoto asitikisike. Msanii wa Italia Linda Fregni Nagler alikusanya karibu elfu moja za picha hizo na kuzionyesha katika maonyesho ya Venice mwaka 2013. Fremu ya kadi ilikusudiwa kumficha mama au yaya huyo, lakini fremu nyingi zimepotea, na mtu aliyefanya picha iwezekane amejitokeza.

Nchini Brazil yaya hakufichwa, na uwepo wake unaumiza zaidi. Takriban mwaka 1860, mjini Recife, mpiga picha João Ferreira Villela alimpiga mtoto Augusto Gomes Leal pamoja na Mônica, mwanamke Mweusi aliyemnyonyesha. Mtoto amevaa koti na tai ya kipepeo kama bwana mdogo, ameegemea bega la Mônica na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mônica amevaa gauni zuri na shali, anatazama kamera moja kwa moja. Alikuwa mtumwa, kwani Brazil ilikomesha utumwa mwaka 1888 tu. Gauni lake lilikuwa sehemu ya maonyesho ya utajiri wa familia, sawa na tai ya mtoto. Upendo wa mtoto huyo unaonekana wazi, na hauondoi hata chembe ya dhuluma iliyokuwapo.

Weusi usio weusi

Jambo moja la kikemia huwapoteza watazamaji wengi. Bamba za zamani ziliona buluu kwa wepesi na hazikuona nyekundu kabisa. Gauni la buluu ya anga lilitokea jeupe. Gauni jekundu au la njano iliyokolea lilitokea jeusi. Bamba zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906 tu. Kwa hiyo kundi la watoto "waliovaa huzuni" katika kadi ya mwaka 1865 pengine walivaa nyekundu ya mistari ya Kiskoti, mtindo uliopendwa baada ya Malkia Victoria na mumewe Albert kuanza kukaa Balmoral, Uskoti.

Hata hivyo msiba ulikuwapo kweli. Katika Uingereza ya karne ya 19, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na uwiano huo haukushuka hadi karne mpya ilipoanza. Familia zilipiga picha za watoto waliokufa, wamelazwa kana kwamba wamelala, kwa sababu mara nyingi haikuwapo nyingine. Yale madai kwamba vyuma vya kuegemeza vilisimamisha maiti hayana msingi. Vyuma hivyo vilikuwa vya kuwatuliza walio hai, na visingeweza kubeba uzito wa mwili uliolegea. Kinachopaswa kukumbukwa ni hofu. Mzazi aliyempeleka mtoto studio akiwa na nguo bora alijua, kwa hesabu ya mtaa wake mwenyewe, kwamba huenda hiyo ndiyo picha pekee itakayobaki.

Nguo kama hoja

Kwa kuwa kila mtu alielewa lugha ya nguo hizo, wapo walioitumia kupigania mambo makubwa, na wapo walioichezea.

Thomas Barnardo, mwanzilishi wa makao ya watoto maskini London, katika miaka ya 1870 aliuza kadi za jozi: mtoto yuleyule akiwa na matambara, kisha akiwa safi na nguo za kazi. Mwaka 1877 alifikishwa mbele ya baraza la usuluhishi kwa tuhuma mbalimbali, na ikabainika kwamba baadhi ya matambara yalizidishwa makusudi. Hakushtakiwa kwa kubuni umaskini, kwani ulikuwapo tele. Kosa lilikuwa kuuvalisha.

Marekani, mwaka 1863 na 1864, wanaharakati wa kukomesha utumwa waliuza kadi za watoto walioachwa huru kutoka New Orleans ili kugharimia shule za Louisiana. Waliochaguliwa kwa ajili ya kadi nyingi walikuwa na ngozi nyeupe kabisa, nao wakavalishwa magauni ya kupanuka na makoti ya heshima. Ujumbe kwa wanunuzi wa kaskazini ulikuwa kwamba mtoto kama wako anaweza kuuzwa. Ujumbe huo ulifanya kazi, na uliacha nje watoto weusi waliobaki shambani, ambao nao walistahili shule.

Jibu lenye nguvu kuliko yote lilitoka Georgia. Kwa Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, mwanasosholojia Mweusi W. E. B. Du Bois alipanga albamu zenye picha 363 za Wamarekani Weusi, nyingi kutoka Atlanta, zikiwamo kazi za mpiga picha Mweusi Thomas Askew. Humo wamo wasichana wenye kola za lesi na riboni, wavulana wenye suti, familia kwenye ngazi za nyumba zao. Mwaka mmoja kabla, si mbali na Atlanta, umati ulikuwa umemuua hadharani mwanamume Mweusi, Sam Hose. Mwaka huohuo Du Bois alimpoteza kwa maradhi mwanawe wa kwanza, Burghardt, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, na ambaye picha ya studio ya mwaka 1898 inamwonyesha na wazazi wake akiwa na gauni jeupe. Mtu akijua hayo, hawezi tena kuiona kola ya lesi katika albamu hizo kama uigaji wa Wazungu. Ilikuwa dai la haki lililotolewa mbele ya dunia, likiwa limepigwa pasi.

Kutoka Unguja hadi Hamburg

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mbali na biashara hii. Kabla karne ya 19 haijaisha, wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu Coutinho, walikuwa na studio Unguja, wakitumia samani na mapazia ya namna ileile iliyoonekana Bombay na London. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na familia za Kihindi, Kiarabu na Kiswahili zikapeleka watoto wao huko. Hapa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kushona kwa mkono na gauni la sikukuu vilisimama mbele ya pazia moja na suti ya kaptura.

Aliyeishi pande zote mbili za jambo hili ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Katika studio ya huko alipigwa picha akiwa na mavazi ya Kiarabu ya heshima, mavazi ambayo hakuyavaa tena katika maisha yake ya kila siku. Mumewe aligongwa na tramu akafa mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo na kipato kidogo. Aliwalea kama Wajerumani wa tabaka la kati, akihama mji hadi mji kutafuta maisha nafuu. Kumbukumbu zake za mwaka 1886 zinaeleza kwa kirefu malezi, mavazi na mapambo ya watoto wa jumba la kifalme Unguja, na zinapinga waziwazi dhana ya Wazungu kwamba malezi yao ndiyo kipimo cha dunia. Ushahidi wake una thamani ya pekee, kwa kuwa aliyejua lugha zote mbili za mavazi alikataa kuitukuza moja.

Kamera inapohamia nyumbani

Mwaka 1888 George Eastman aliuza Kodak yake ya kwanza kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Mwaka 1900 alitoa Brownie kwa dola moja, akaitangaza kwa watoto. Baada ya hapo picha ya familia ilitoka nje: bustanini, ufukweni, juu ya ngazi za nyuma. Ghafla watoto wana magoti yenye vumbi, aproni zilizochanika, miguu mitupu. Si kwamba maisha yalibadilika kwa siku moja. Aproni na vumbi vilikuwapo siku zote. Havikuwa vimealikwa studio.

Nguo zenyewe zilikuwa zinabadilika pia. Tangu miaka ya 1880 madaktari na watetezi wa mavazi ya afya, wakiwamo wa Rational Dress Society iliyoanzishwa London mwaka 1881, walipinga nguo za kubana. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 vazi la kuchezea la kipande kimoja, lenye miguu mifupi iliyokusanywa kwa mpira, liliwaondoa wavulana katika magauni na kuwapa wasichana uhuru wa kutambaa na kupanda.

Makumbusho nayo yana upendeleo wake. Nguo za watoto zilizohifadhiwa ni zile zilizovaliwa mara chache: gauni la ubatizo, suti ya mahameli, vazi la picha. Nguo za kila siku zilirithiwa na mdogo, zikakatwa kuwa viraka, zikaishia kuwa matambara ya kufutia sakafu. Mtafiti anayelinganisha picha na makumbusho anaweza kudhani amepata ushahidi wa aina mbili, kumbe vyote viwili vimechujwa na mkono uleule wa mzazi.

Kwa hiyo msomaji makini wa picha hizi huanzia nyuma ya kadi. Jina la studio, anwani yake na medali zilizochapishwa husaidia kutambua miaka. Kisha hutazama mishono, upindo, viatu, na mkono wowote unaojitokeza pembeni. Mwisho hutafuta barua, risiti ya duka au kumbukumbu ya ubatizo. Pasipo hivyo vya mwisho, hata mkusanyo bora una pengo. Albamu za Du Bois zimehifadhiwa Washington, katika Library of Congress, na mtu yeyote anaweza kuzitazama kupitia intaneti, lakini ziliandaliwa bila majina, na wengi wa waliomo hawajatambuliwa. Kola, riboni na vifungo vyao vimechunguzwa na wanazuoni. Familia yenye albamu nyumbani, iwe Atlanta, Hamburg au Mji Mkongwe, bado ina nafasi ya kufanya kazi hiyo kwa penseli laini nyuma ya picha, wakati wapo wanaokumbuka: jina la mtoto, mwaka, na jina la aliyeshona nguo.